Utafiti wa elimu, wa sanaa na wa teknolojia: upi ni utafiti wa kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili, na kabla ya kuandika pendekezo langu niliamua kupitia tasnifu za waliotangulia. Nimechanganyikiwa. Mmoja amelinganisha ufaulu wa watoto katika madarasa makubwa na madogo. Mwingine ametunga muziki, akaupiga jukwaani, akaandika maelezo yake na kutunukiwa uzamivu. Wa tatu ameifundisha kompyuta kutambua nyuso za watu. Marafiki zangu wa uhandisi wanasema ni huyo wa mwisho tu aliyefanya utafiti, wengine wameandika maoni yao. Je, ni kweli? Na mtu kama mimi, ninayependa ualimu, muziki na kompyuta kwa pamoja, nielemee upande gani?

JIBU: Marahaba. Marafiki zako wamekosea, na kosa lao ni la watu wengi wenye shahada kubwa kuliko zao, kwa hiyo sitalipita haraka.

Wanautambua utafiti kwa vifaa vyake. Wakiona grafu, mashine na namba zenye desimali, hapo pana utafiti. Wakiona mahojiano, kinanda, au mtu aliyekaa nyuma ya darasa na daftari lake, hayo ni maoni. Sasa tazama walichosema watu ambao kazi yao ni kuhesabu fedha zinazotumika katika utafiti, maana hao hawana budi kuamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Mwaka 1963 wataalamu wa takwimu wa nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, walikutana Frascati, Italia, kuandaa mwongozo wa kutenganisha utafiti na shughuli nyingine. Mwongozo huo umerekebishwa mara kadhaa, na toleo la 2015 linataka kazi iwe na sifa tano: ilenge jambo jipya, iwe na ubunifu, mwisho wake usijulikane tangu mwanzo, ifuate utaratibu, na matokeo yake yaweze kuchukuliwa au kurudiwa na wengine. Maabara haimo katika sifa hizo. Namba pia hazimo.

Mimi wanafunzi wangu huwauliza swali fupi zaidi: ni kitu gani, kikionekana, kitakufanya ukubali kwamba ulichodhani si kweli? Mwenye jibu la swali hilo anafanya utafiti, awe na darubini au awe na marimba. Asiye na jibu hajaanza bado, hata kama kompyuta yake inajaza chumba kizima. Wala namba hazimwokoi mtu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa katika majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yaliyopita kipimo cha kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizopita. Zote zilikuwa na namba.

Tuanze na elimu, kwa kuwa ualimu ndio ulioutaja kwanza.

Tasnifu ile ya ukubwa wa madarasa ina ukoo mrefu. Jaribio linalotajwa zaidi katika mada hiyo lilifanyika katika jimbo la Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989. Wanafunzi wapatao 11,600 katika shule 79 waliingizwa kwa bahati nasibu ama katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, ama katika madarasa ya watoto 22 hadi 25, na baadhi ya hayo makubwa yakapewa mwalimu msaidizi. Bahati nasibu ndiyo roho ya jaribio lile. Bila hiyo, wazazi wenye uwezo wangewasukuma watoto wao kwenye madarasa madogo, na mwishoni usingejua kama unapima ukubwa wa darasa au uwezo wa mzazi. Watoto wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi na wa familia maskini.

Kisha mwaka 1996 California ikaamua kupunguza wanafunzi katika madarasa ya awali jimbo zima. Walimu wapya maelfu wakahitajika kwa mpigo, wengi wakaajiriwa kabla ya kukamilisha sifa zao, vyumba vikawa haba. Faida iliyoonekana wazi Tennessee ikawa ngumu kuonekana California. Jaribio la kwanza halikuwa la uongo. Lilipima darasa dogo lenye mwalimu wa kutosha na chumba cha kutosha, na masharti hayo hayakusafiri pamoja na matokeo. Ndiyo maana mtafiti mzuri wa elimu hukosa usingizi kwa swali la "chini ya masharti gani" kuliko swali la "je, inafanya kazi". Mhandisi anayepima chuma hapati taabu hiyo kwa kiasi kile, kwa sababu chuma hakibadilishi tabia kwa kuwa kimehamishwa jimbo.

Lakini utafiti wa elimu si majaribio makubwa tu, na hapa nataka ukae kidogo. Mwaka 1985 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Recife, Brazili, yaani Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti kuhusu watoto watano. Watano tu, wa umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni. Mtafiti alikwenda kama mteja. Akauliza nazi moja ni bei gani. Mtoto wa miaka 12 akajibu 35. Akasema anataka kumi. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akahesabu kwa sauti: tatu ni 105, tatu nyingine zinafanya 210, bado nne, hiyo ni 315, nadhani ni 350. Hakuongeza sifuri mwishoni mwa 35 kama shule inavyofundisha. Alikwenda kwa mafungu ya tatu tatu, kiasi ambacho huenda wateja walizoea kununua.

Baadaye watoto hao hao walipewa hesabu zile zile kwa mtindo wa shule, kwa karatasi na kalamu. Barabarani walipata asilimia 98 ya majibu. Katika maswali ya maneno yanayofanana na biashara walipata asilimia 74. Katika namba tupu, asilimia 37.

Marafiki zako watasema watoto watano si sampuli. Waulize: sampuli ya dai gani? Kama watafiti wale wangedai kwamba watoto wote wauzaji duniani huhesabu hivyo, watano wasingetosha hata kidogo. Lakini dai lililokuwepo kabla yao ni kwamba mtoto anayeshindwa mtihani wa hesabu hajui kuhesabu. Dai la namna hiyo huangushwa na wachache waliochunguzwa kwa makini. Ukubwa wa sampuli hufuata dai, na dai hufuata swali. Ukilishika hili vizuri, nusu ya mabishano yako na wahandisi imekwisha.

Sanaa ndiyo inayowatatiza wengi, na sehemu ya lawama ni yetu walimu, kwa sababu huwa tunaweka kazi za aina mbili tofauti chini ya jina moja.

Aina ya kwanza ni kuichunguza sanaa iliyopo. Milman Parry wa Chuo Kikuu cha Harvard alitaka kujua kama tenzi ndefu zinazohusishwa na Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, ziliweza kutungwa na watu wasioandika. Badala ya kuendelea kubishana maktabani, kati ya 1933 na 1935 alikwenda Yugoslavia akiwa na mtambo wa kurekodi kwenye sahani za alumini, akawasikiliza waimbaji wa tenzi waliokuwa hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, na alitoa utenzi wenye mistari zaidi ya 12,000. Parry alifariki mwaka 1935 kabla ya kukamilisha kazi, mwanafunzi wake Albert Lord akaiendeleza. Walionyesha jinsi mwimbaji anavyotumia mafungu ya maneno yaliyokwisha kupimwa mizani, akitunga papo hapo mbele ya wasikilizaji. Angalia kwamba Parry angeweza kushindwa. Angeweza kurudi na tenzi fupi fupi, au na waimbaji wanaokariri neno kwa neno. Alijiweka mahali ambapo dai lake lingeweza kufa.

Aina ya pili ni kutafiti kwa njia ya kutengeneza sanaa yenyewe, kama huyo mtunzi uliyemtaja. Hapa niseme waziwazi: onyesho peke yake si utafiti, hata likiliza watu. Mwongozo ule wa Frascati pia unaliweka onyesho nje ya hesabu. Kinacholigeuza ni kuwepo kwa swali ambalo lisingejibika bila kutunga, kumbukumbu ya njia zilizojaribiwa zikatupwa na sababu za kutupwa, na maelezo yanayomwezesha mtunzi mwingine kuchukua kilichogunduliwa na kukitumia kwake. Uingereza ilipotathmini utafiti wa vyuo vikuu vyake mwaka 2021, katika nyanja 34, ilipokea maonyesho, tungo za muziki na programu za kompyuta kando ya makala na vitabu, na kazi za namna hiyo ziliruhusiwa kuambatanishwa na maelezo mafupi ya utafiti uliomo ndani yake. Unaposoma tasnifu ya mtunzi wako, usihesabu kurasa. Tafuta mahali anaposema alijaribu hivi, ikakataa, na kukataa kwake kukamfundisha nini. Kama pahali hapo hapapo, una haki ya kuwa na mashaka.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda sana. Mwaka 1967 John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akichezea mtetemo wa sauti kwenye kompyuta, ule mtetemo mdogo ambao mwimbaji au mpiga fidla huutia katika noti ndefu. Alipouongezea kasi taratibu, alifika mahali ambapo sikio halikusikia tena sauti inayotetemeka. Ilisikika sauti mpya yenye rangi nyingine kabisa. Wimbi moja lilikuwa likiyumbisha masafa ya wimbi jingine, na kwa hesabu chache mno kompyuta ikaweza kutoa sauti nzito zinazofanana na kengele au tarumbeta, jambo ambalo kwa njia za wakati ule lilidai kazi kubwa sana. Kampuni ya Yamaha ikanunua leseni, chuo kikapata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) mwaka 1977, na mwaka 1983 Yamaha ikatoa kinanda cha DX7 kilichosikika katika muziki wa muongo mzima. Kanuni za mawimbi kuyumbishana zilikuwa zikijulikana na wahandisi wa redio kwa miongo kadhaa. Ilihitajika masikio ya mtunzi kutambua kwamba ndani yake mna muziki.

Tuje nyumbani kwa marafiki zako.

Teknolojia ina fahari ya haki: kipimo cha pamoja. Mwaka 2012 timu ya Chuo Kikuu cha Toronto iliingiza mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, katika shindano la kutambua picha, ikakosea kwa asilimia 15.3 huku aliyeifuata akikosea kwa 26.2. Hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Wimbi la akili mnemba tunaloliona leo lilipata nguvu kubwa hapo. Lakini kipimo cha pamoja kina hatari yake: watu huanza kukifukuza kipimo na kusahau kilikuwa kinapima nini.

Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini, akiwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, pamoja na mwenzake Timnit Gebru, walichunguza mifumo ya kibiashara inayotazama uso na kusema kama ni wa mwanamke au mwanamume. Kabla ya kuigusa mifumo yenyewe, walitazama picha zilizokuwa zikitumika kupimia. Katika mkusanyiko mmoja maarufu karibu asilimia 80 ya watu walikuwa na ngozi nyeupe, katika mwingine zaidi ya 86. Kwa hiyo wakajikusanyia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, tatu za Afrika na tatu za Ulaya, wakazipanga kwa rangi ya ngozi wakitumia kipimo cha madaktari wa ngozi. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika hadi 34.7.

Mifumo ile ilikuwa imefaulu mitihani yake yote. Mtihani ndio uliokuwa mbovu. Na swali la nani amehesabiwa na nani ameachwa nje ya mizani ni swali ambalo watafiti wa elimu na jamii wamelishughulikia miaka mingi. Waambie marafiki zako kwa upole kwamba rafu ya vitabu vya sayansi ya jamii ina kitu chao pia.

Sasa kuna kazi moja inayonifanya nisichoke kusema kwamba mipaka ya vitivo ni ya kiutawala tu. Mlima Vesuvius wa Italia ulipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo ulifukia maktaba ya nyumba moja ya kifahari katika mji wa Kirumi wa Herculaneum. Hati za mafunjo ziligeuka makaa zikiwa zimeviringishwa, zikapatikana katika karne ya 18, na nyingi zilisagika mikononi mwa waliojaribu kuzifungua. Brent Seales, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kentucky, alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuzisoma bila kuzifungua: kuzipiga picha za eksirei kwa ndani, kisha kuzikunjua ndani ya kompyuta. Kikwazo kilikuwa wino. Ulitengenezwa kwa masizi, na mafunjo yenyewe yamekuwa makaa. Kaboni juu ya kaboni, eksirei haioni tofauti.

Mwaka 2023 picha hizo zikawekwa wazi, na zawadi zikatangazwa kwa atakayesoma. Hatua muhimu haikutoka kwenye kanuni yoyote. Casey Handmer, mmoja wa walioshindana, alikaa akizitazama picha kwa macho yake tu, muda mrefu, hadi akaona mahali fulani pamepasuka pasuka kama tope lililokauka, na mipasuko ile ilifuata umbo la herufi. Luke Farritor, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, akaifundisha kompyuta kuitafuta mipasuko ya aina hiyo, na Oktoba mwaka huo likatangazwa neno la kwanza kutoka hati iliyofungwa ya Herculaneum: neno la Kigiriki la rangi ya zambarau. Februari 2024 yeye, Youssef Nader na Julian Schilliger walipata zawadi kuu ya dola 700,000 kwa safu kadhaa za maandishi ya falsafa kuhusu raha, ambamo muziki nao umetajwa.

Nataka uone nani aliyetoa hukumu. Wataalamu wa mafunjo, watu waliokulia katika kusoma herufi za Kigiriki zilizochakaa, ndio waliosema haya ni maneno na haya si maneno. Na kulikuwa na swali zito la kuaminika: je, kompyuta haikujibunia herufi? Jibu lilikuwa katika muundo. Programu ilitazama vipande vidogo mno, visivyotosha herufi nzima, na haikuwa imefundishwa Kigiriki. Haikuwa na cha kubunia. Mhandisi alihitaji kumjibu mwanafasihi, na mwanafasihi alihitaji kuuelewa mtambo kiasi cha kujua wapi uongo ungeweza kuingilia. Utafiti mzuri wa pamoja huwa hivyo, kila upande unakuwa mkaguzi wa mwenzake.

Basi tuje kwako, maana umeniuliza uelemee wapi.

Chukua jambo moja linalogusa mambo yako matatu: mdundo na kusoma. Usha Goswami wa Chuo Kikuu cha Cambridge amejenga hoja kwa miaka mingi kwamba matatizo ya baadhi ya watoto katika kusoma yanahusiana na namna wanavyousikia mdundo wa lugha, yaani pale silabi zinapoanza na kupanda. Ukilichukua hilo kama mtu wa elimu, utauliza: watoto wanaofanya mazoezi ya kupiga makofi kwa mdundo watasoma kwa ufasaha zaidi kuliko wenzao? Utahitaji kundi jingine linalopata umakini uleule wa mwalimu kwa shughuli nyingine, la sivyo utakuwa umepima furaha ya kushughulikiwa. Ukilichukua kama mtunzi, utatunga mfululizo wa mazoezi ukibadilisha kitu kimoja kila mara, mwendo, kituo au mkazo wa neno, na kuandika kila unachokiacha na sababu yake. Ukilichukua kama mtu wa kompyuta, utatengeneza programu inayomsikiliza mtoto akisoma na kupima anavyopangilia silabi, na mara moja utagundua kwamba mifumo ya kutambua sauti imefundishwa zaidi kwa sauti za watu wazima na huyumba inaposikia za watoto.

Hayo ni mapendekezo matatu. Kwa shahada ya uzamili andika moja tu. Mwanafunzi anayejaribu kubeba yote hujikuta na watahini watatu, kila mmoja akiona kazi ni nyepesi katika fani yake. Ushauri wangu ni ukae elimu, kwa kuwa dai lako la msingi linahusu watoto na kusoma kwao. Muziki ukupe zoezi, kompyuta ikupe kipimo, na vyote viwili viwe vya kiwango ambacho wenye fani hizo hawatakuonea aibu. Omba msimamizi wa pili kutoka idara ya muziki, na umwombe mapema, kabla zoezi halijatungwa, ili asije akawa mtu wa kutia saini tu. Kwa upande wa kompyuta, tumia programu ya kurekodi na kupima sauti iliyokwisha kuchunguzwa na wengine. Kuunda yako mwenyewe ni tasnifu nyingine, na unaweza kuiweka kwa ajili ya uzamivu.

Kibali cha maadili kianze mapema kuliko yote. Sauti ya mtoto ni data inayomtambulisha, kwa hiyo kamati itataka kujua itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza na lini itafutwa. Utahitaji idhini ya mzazi, na pia utahitaji mtoto mwenyewe akubali kwa lugha anayoielewa, akiwa na ruhusa ya kuacha katikati bila kuulizwa sababu. Wakati kamati inasoma maombi yako, fanya jaribio dogo na watu wazima ambao wako tayari kukusaidia, uone kama vifaa vinarekodi vizuri na kama zoezi lako linaeleweka. Ukipata rasimu ya pendekezo, hata ikiwa na mapengo, nitumie pamoja na sentensi moja inayosema ni matokeo gani yatakufanya ukubali kwamba mdundo haukusaidia. Nitaisoma hiyo sentensi kwanza.